Barua ya Patricie Haifunguki

"Ni wewe umeiharibu hii ordinateri, Védastine. Sema tu ukweli."

Hii ilikuwa siku ya tatu Védastine ameinama mbele ya kompyuta pekee ya sekretaria yake, kiduka cha kuchapa barua pale Kamembe mpakani na Kongo, macho yanamwasha. Kila akifungua intaneti, ukurasa wa barua pepe haufunguki; yanakuja matangazo ya ajabu tu.

"Adrien, mimi niiharibu kwa nini?"

"Juu hautaki nisome barua ya Patricie."

Patricie alikuwa mke ambaye Adrien alimwoa kimila. Walipotezana mwaka 1996, wakikimbia vita katika misitu ya Kongo. Sasa ilikuwa 2004, na kwa miaka mitano Adrien alikuwa akiishi na Védastine bila ndoa, maana hakujua kama mkewe yu hai au amekufa. Halafu Jumatatu ukaingia ujumbe kwenye simu yake, kutoka kwa mchungaji mmoja wa Kisangani: "Patricie yuko. Amekuandikia, fungua mail." Tangu hapo simu ya mchungaji haikupatikana tena, na mapigano ya Bukavu yalikuwa yamefunga mpaka.

Adrien akatoka, akaubamiza mlango. Fundi Muhigirwa, aliyekuwa akihangaika na mashine ile tangu asubuhi, alijifanya hakusikia.

"Maman Védastine, tazama hapa. Mipangilio ya intaneti imewekwa ipitie anwani ambayo hatuijue. Ninaiondoa, nikizima na kuwasha, inarudi yenyewe. Ni virusi, si muntu."

"Inaweza kutoka?"

"Inatoka. Lakini..." Akashusha sauti. "Nikimwambia imeshindikana, ataamini."

Védastine alitazama mikono yake. Wazo hilo lilikuwa limemjia yeye pia, tena zaidi ya mara moja.

"Safisha, Muhigirwa. Nimechoka kulala na muntu mwenye anangojea mwingine."

Wakachomoa waya wa intaneti. Wakafuta mchezo ambao mteja mmoja alikuwa ameuingiza na virusi vyake, wakapitisha dawa ya virusi mara mbili, wakarudisha mipangilio. Saa tisa mchana ukurasa ukafunguka. Védastine akamwita Adrien, akamwachia kiti.

Barua ilikuwa fupi. Adrien aliisoma kwa sauti iliyokatikakatika:

"Adrien, niko muzima. Baliniambia ulikufa, nikaolewa huku, niko na batoto batatu. Usikuje kunitafuta. Kama uko na bibi, muoe."

Akafunika uso.

"Nilikusingizia bure, Véda. Unisamehe. Ungeweza kuiacha vile."

"Ningeweza."

"Basi kesho twende ku distrike, tuandikishe ndoa yetu."

"Hapana, si kesho." Hakuwa hata na nguvu ya kufurahi. "Kwanza umulilie. Miaka minane haujamulilia. Ukimaliza, ukuje uniulize vizuri, kama mwanamuke mwenye anaombwa."

Ilimchukua Adrien karibu miezi miwili. Alipomuuliza, alikuwa amenyoa ndevu na sauti imetulia, na Védastine akasema ndiyo kabla hajamaliza.

Siku ya harusi yao watu walicheza hadi jasho likawatoka. Bibi harusi alisinzia palepale kwenye kiti, kichwa begani kwa mumewe. Adrien akawafanyia wapiga ngoma ishara wapunguze sauti.