Maji Yasiyonuka Dawa

Boti ya Uvira ilipogusa mchanga wa Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, kelele ikaanza. Wapagazi waliingia majini hadi kiunoni, wakigombania mizigo ya vitenge na magunia ya chumvi, huku askari wa waasi, walioshika mji mwaka ule wa 2002, wakipekua kila mfuko. Félicité Mauwa alikuwa amesimama pale akisubiri mzigo wake wa dukani. Alivaa kitenge cha manjano chenye ndege wa kijani, na viatu alikuwa amevishika mkononi. Ghafla mwanamume mmoja alimpita mbio, akamkanyaga mguu, akalidaka sanduku lililokuwa linamponyoka mpagazi.

"We baba! Uko nakanyaga batu sababu ya sanduku?"

"Unisamehe, mama. Ingevunjika, ningelia hapa hapa."

"Iko mutoto ndani?"

"Iko kazi yangu yote."

"Basi bibi yako iko na wivu kweli."

"Siko na bibi," alisema, na hapo ndipo alipomtazama vizuri. Alisahau hata kulitua sanduku.

Askari mmoja alimwamuru alifungue. Ndani mlikuwa na paneli ya jua, nyaya, na sahani ya chuma iliyopakwa unga mweupe.

"Hii ni antena?"

"Ni ya kusafisha maji, mukubwa. Ya kituo cha afya."

Askari aliigeuza sahani, akamtazama yule mtu, akaitazama tena sahani. Alimwachia apite, lakini kwanza aliuliza jina lake, kisha akalirudia polepole: Norbert Etungano.

Norbert alikuwa mtoto wa Baraka aliyeondoka mdogo kwenda kusoma Bukavu, akabaki huko kufundisha kemia. Aliposikia kuwa kipindupindu kinaua watu nyumbani, na kwamba dawa ya maji inakwama njiani kwa sababu ya vita, alifunga vyombo vyake akarudi.

Siku chache baadaye alitokea dukani kwa Félicité, shati jeupe limepigwa pasi hadi linang'aa.

"Natafuta kitambaa cheupe, chepesi."

"Cha harusi ama cha sanda?"

"Cha kuchujia maji ya ziwa. Yakiwa na tope, mwanga haufike kwa sahani."

Félicité alikunja mikono kifuani. "Nielezee. Batu banasema uko na mashini ya ajabu."

"Haiko ajabu. Jua ikipiga ile sahani, na umeme ya paneli ikipita mule, maji yenyewe yanazaa oksijeni kali. Ile njo inachoma vijidudu."

"Na mi nikikunywa, haitanichoma tumbo?"

"Haidumu. Inazaliwa, inapiga, inakufa. Ukimaliza kuita jina langu, imeisha."

"Kama mapenzi ya banaume."

"Yangu haiko hivyo," Norbert alisema, naye Félicité akajikuta anakata kitambaa kirefu kuliko alichoombwa.

Tangu hapo kazi ile ikawa inakula vitambaa vingi mno. Norbert alikuja kutafuta kimoja, akakaa mpaka soko linafungwa. Alimwita Féli. Mchana, biashara ikilala, Félicité alikwenda kituo cha afya kumtazama akiinamia beseni lake juani, viputo vidogo vikipanda kwenye uso mweupe wa sahani, na jasho likimtiririka nyuma ya sikio.

Lakini Baraka ya wakati ule haikuwa inaamini mtu. Maji ya Norbert hayakuwa na harufu ya dawa, na watu walisema maji yasiyonuka dawa hayawezi kuwa salama. Mama mmoja aliyachukua, akaumwa. Norbert alieleza mpaka akachoka: yule mama aliyatia kwenye bidoni chafu, dumu lisilooshwa, na oksijeni ile haibaki kuyalinda, lazima bidoni zioshwe. Waliomsikiliza walikuwa wachache. Wengine waliuliza kwa nini mashine yake inafanya kazi jua likiwaka tu, na zile nyaya zinaongea na nani. Juu milimani, upande wa Fizi, kulikuwa na Mai-Mai, wapiganaji waliopigana na waasi hao, na askari wa mjini walimtafuta kila mtu ambaye angeweza kuwa anawapelekea habari.

Félicité aliwacheka, mpaka siku alipokwenda kwenye nyumba ya phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, kuagiza vitenge vingine Uvira. Alimkuta Norbert ameketi mbele ya mashine, amempa mgongo. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye spika ya ukutani, inacheka.

"Norbert wangu, ile nyeupe iko tayari. Utume muntu wa kuaminika. Na we, unanikosa? À vous."

Norbert alicheka pia, akajibu na kumrudishia zamu kwa Kifaransa cha phonie. "Kidogo. À vous."

Aligeuka, akamwona Félicité. Kicheko kilikatika.

"Ule ni nani?" Félicité aliuliza.

"Mutu wa kazi."

"Mutu wa kazi njo anakuita 'wangu'?"

"Féli, hapa haiko nafasi ya kusema."

Watu waliokuwa kwenye foleni walitazama pembeni, lakini masikio yao yalikuwa wazi. Félicité alitoka bila kuagiza chochote. Jioni ile alikaa kusukwa nywele na Georgette, mtoto wa mama yake mdogo, na uchungu ukamtoka mdomoni bila kuchujwa. Alisema mwanamume yule anaongea kwa mafumbo na mwanamke asiyejulikana, eti ile nyeupe iko tayari, eti mtu wa kuaminika. Georgette aliishia nusu ya kichwa, akasema atamalizia kesho. Mchumba wake alikuwa askari.

Kesho yake asubuhi askari walimchukua Norbert na sanduku lake.

Félicité aliposikia, alifunga duka, akaenda kambini na nywele zake nusu zimesukwa. Norbert alikuwa chini, shati limechanika, jicho limevimba. Komanda alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, sahani nyeupe juu ya mapaja yake.

"Komanda, yale maneno yalitoka kwangu," Félicité alisema. "Nilisema na wivu. Nilisikia mwanamuke kwa phonie. Mambo ya Mai-Mai mi sijue hata moja."

Norbert aliinua kichwa. Alimtazama kwa lile jicho lililokuwa bado linafunguka, na Félicité akatamani angemtukana.

Komanda alicheka. "Wivu! Basi atuonyeshe. Kama ni redio, anakufa leo."

Norbert aliomba mtu aende kituo cha afya kuleta ile dawa ya buluu ya kupaka vidonda. Alijaza mabeseni mawili maji ya ziwa, akadondosha buluu kidogo katika kila moja. Moja aliliacha. Katika la pili alitumbukiza sahani, akaunga nyaya, akaielekeza paneli juani.

Wakakaa kungoja. Wingu lilikuja likafunika jua, na buluu ikabaki buluu. Askari mmoja alikoki bunduki yake kwa mchezo. Félicité aliomba kimoyomoyo bila kujua anaomba nini, jua au msamaha. Jua lilirudi. Polepole beseni la pili likapauka, likawa rangi ya anga, kisha likawa maji matupu. La kwanza lilibaki vilevile.

"Oksijeni imekula rangi," Norbert alisema kwa sauti iliyokauka. "Hivyo njo inakula vijidudu."

"Ama ni uchawi," komanda alisema. Alitazama mabeseni yote mawili kwa muda mrefu. "Uondoke Baraka. Paneli inabaki, iko na faida kwangu."

Félicité alimfuata mpaka ufukoni. "Norbert. Unipige, ama useme neno."

Alimpita. Alipanda mtumbwi wa kwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kwa wajomba zake, sahani imefungwa kwenye shati lake, na hakugeuka.

Majuma yalipita. Félicité alirudi kwenye phonie kwa ajili ya vitenge vyake. Eugène, mwenye mashine, alikuwa anatafuta Uvira wakati sauti ya Norbert ilipoingia kati, ikiita Bukavu kutoka misheni moja ya Ubwari.

Félicité alimnyang'anya Eugène kipaza sauti. "Norbert! Ni mi, Féli. À vous."

Mikwaruzo tu. Kisha: "Unaniita ili nani asikie? À vous."

"Hapana mutu. Nilikosa. Lakini na we ulinificha. Ule mwanamuke ni nani? À vous."

Sauti nyingine iliingia kutoka Bukavu, ya mwanamke. "Mi niko hapa, nasikia yote. Ninaitwa Immaculée. Alikuwa muchumba wangu, iliisha. Siku ile nilimuchokoza tu. Njo mi napaka zile sahani nyeupe na kuzichoma kwa tanuri. Dada, huyu Norbert alikuogopa we kuliko baaskari. À vous."

Foleni yote iliangua kicheko. Félicité alifuta macho na ncha ya kitenge.

"Ni kweli," Norbert alisema. "Niliogopa utaondoka. Na sasa naogopa utakuja. Lakini ukuje, Féli. Nikuoe. À vous."

"Nakuja," alisema, akasahau kumpa zamu ajibu.

Alivuka siku yenye upepo mdogo, na kilemba kipya cha buluu. Norbert alikuwa ameingia majini hadi magotini kuupokea mtumbwi, jicho limepona, kovu limebaki. Hakumkumbatia kwanza.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Alimtazama machoni, akatazama ndani ya mtumbwi nyuma yake, kwa wavuvi wawili na magunia ya muhogo, kama anayetafuta askari, akakawia. Félicité alimwacha atazame mpaka atosheke. Kisha Norbert akanyoosha mkono, naye akaushika, akashuka majini.