Mwenye Kinyongo Hashiki Kamba

– Mahamudu, hiyo koti ni ya nani?

Mahamudu akaganda, mkono mmoja ndani ya koti, mwingine ungali nje. Hakutazamia kumwona Waridi, mchumba wake, mlangoni pa duka la nguo la Rachida asubuhi ile, katikati ya Kasongo.

– Ni… ya rafiki.

– Rafiki mwenye mabega sawasawa na yako?

Rachida, mwenye duka, akacheka nyuma ya meza yake.

– Ingia, dada. Bwana huyu ananisumbua tangu nifungue. Mara nyeusi, mara ya rangi ya chungwa. Hata mwanamke akichagua kitenge hachelewi hivi!

Koti lenyewe lilikuwa jile ya kuzamia, ile wazamiaji wanayovaa pamoja na chupa ya hewa. Ukiijaza hewa inakuinua, ukiitoa unashuka. Mahamudu alifanya kazi ya kuzamia Kalemie mpaka siku jile yake ilipopasuka akiwa chini ya maji. Miaka sita sasa hajazamia. Na Mama Mounira, mama yake Waridi, alipokubali posa aliweka sharti moja mbele ya wazee: mkwe wake asirudi majini.

Simu ya Mahamudu ikalia juu ya meza. Waridi alikuwa karibu, akausoma ujumbe:

“Yaya Mahamudu, kaka yangu, kivuko kilichozama kingali chini ya mto Luama. Tunakungoja Jumatatu. Nani atakushikia kamba ukiwa chini? Gédéon, Kabambare.”

– Kumbe rafiki iko Kabambare, alisema Waridi polepole.

– Nilitaka kukuambia.

– Lini? Nikiisha kuvaa shela?

Hakupiga kelele. Waridi si mtu wa kelele, ni mtu wa kutazama. Alivuta kiti, akaketi.

– Umechagua gani?

– Hii nyeusi. Mpya, nyepesi, vifungo vyake vizuri. Ile nyingine imechakaa rangi.

– Zijaze hewa zote mbili.

– Nimeisha kuzijaribu. Zinashika.

– Dakika ngapi? Mpira wa pikipiki ukitoboka kidogo, unajua palepale? Si unalala mzima, asubuhi unaamka chini?

Mahamudu akashika bomba la jile moja, kisha la nyingine, akapuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka.

– Puliza, bwana arusi! alisema Rachida. Hewa hiyo hatukulipishi!

Wakazitundika ukutani, zimevimba kama mbuzi wawili walioshiba. Wakangoja. Wateja wakaja, wakaenda. Mwishowe Waridi akasema:

– Kamba nitashika miye.

– Hapana. Sisi wazamiaji tuna desturi: mwenye kinyongo hashiki kamba. Mkono wenye hasira hausikii. Mutu anavuta kule chini, yeye anasema ni maji tu.

– Basi ngoja nikitoe hapa hapa. Umenidanganya, Mahamudu. Maji siyaogopi kama uongo. Ungekufa Luama, watu wangekuja kunipa pole, nami ningeuliza: pole ya nini?

Mahamudu akainamisha kichwa.

– Nilikuambia sirudi majini kwa ajili yako. Hata hiyo ni uongo. Niliacha kwa woga. Mpaka leo nikinawa uso, nikifumba macho, niko kule chini. Sasa watu wa Wamaza, kule mtoni, wanavusha wagonjwa kwa mtumbwi, na mwenye kujua kufunga kamba kwenye kile kivuko kivutwe juu ni miye. Nikikataa, nitaingia nyumbani kwako na woga wangu kama mzigo.

– Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?

– Nani anapenda kuolewa na mwoga?

– Mwoga mtu anaolewa naye. Mwongo ndiye anayesumbua.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Rachida akaenda kusali, akarudi. Hapo Waridi akasimama, akazibonyeza jile kwa kidole, moja baada ya nyingine. Ile ya chungwa ilikuwa ngumu kama ngoma. Nyeusi ilikuwa imelegea bega la kushoto.

– Hii ingekuacha katikati ya mto.

Mahamudu akairudisha nyeusi mezani. Kisha akavaa ile ya chungwa.

– Inanibana tumbo.

– Tumbo si kosa la jile, ni sombe ninayokupikia hiyo. Legeza mikanda.

– Na kinyongo?

– Changu kimekwisha. Kimebaki cha Mama.

Akapiga simu.

– Mama, niko na Mahamudu. Ananunua jile ya kuzamia.

Sauti ya Mama Mounira ikasikika duka zima:

– Yeye hana mdomo? Mupe simu!

Mahamudu akaipokea kwa mikono miwili, akasimama wima, jile imevimba mpaka kidevuni.

– Mama mukwe, ni miye. Nilitaka kuvunja neno lako kwa siri. Nisamehe. Naomba ruhusa ya kazi moja tu, Luama. Ukikataa, naiacha jile hapa.

– Waridi anasemaje?

– Anataka kushika kamba.

Rachida aliacha kukunja nguo.

– Mrudishie simu, alisema Mama Mounira.

Waridi akaiweka sikioni.

– Mwanangu, mwambie mume wako ashuke taratibu, na apande mapema.

Mume wako. Mama Mounira hakuwahi kumwita hivyo. Waridi akashusha simu, akamtazama Mahamudu aliyekuwa anahangaika na mikanda. Rachida hakungoja kuelezwa. Alipiga kigelegele mpaka wauza nguo wa ng’ambo ya barabara wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.