Mwenyekiti wa Mashabiki na Kipa wa Kuluba

"Ameuza mechi! Mimi nasema wazi, huyo kipa ameuza mechi!"

Afedra alipiga meza hadi vikombe vya chai vikaruka. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye kibanda cha chai pale mtaani Mvara. Jana yake chuo chao cha ualimu cha Arua kilikuwa kimefungwa mabao matatu kwa mawili na chuo cha Koboko, tena kwenye fainali, tena hukohuko Koboko. Mashabiki walikuwa bado wamevaa jezi za buluu. Sauti zilikuwa zimekauka kwa kelele za jana, lakini midomo haijachoka.

"Ameuza kwa nani?" mmoja akauliza.

"Kwa ndugu zake! Yakani si mutu ya Koboko? Kwao si Kuluba? Mimi naona ile mipira ilikuwa inapita, yeye anaangalia tu kama mgeni kwenye harusi."

"Hata mabeki walilala," mwingine akadakia.

"Mabeki walilala, lakini kipa alikufa kabisa!"

Kicheko kikapasuka. Kisha macho yote yakamgeukia Drateru.

Drateru ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki. Binti wa Mvara, mwembamba, lakini akianza kuimba uwanja mzima unasimama. Na hapakuwa na mtu kibandani asiyejua kwamba Yakani ndiye mpenzi wake.

"Mwenyekiti, mbona iko kimya?" Afedra akamchokoza.

"Afedra, mpira una siku yake. Tulikosa penalti, mbona huisemi?"

"Aa! Si nilisema? Anamtetea bwana yake. Jamani, tutafute mwenyekiti mwingine. Huyu moyo wake iko golini."

Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka Drateru. Uenyekiti ule aliupata kwa jasho. Wavulana walimkataa kwa sababu ni msichana, akawashinda kwa kura. Leo wanataka kumvua kwa sababu anapenda.

Akasimama.

"Sikilizeni! Mimi simtetei mtu. Jana Yakani alisimama golini kama mti. Mabao yale hata mama yangu angeyadaka. Kocha akiwa na akili, asimpange tena. Mmeridhika?"

Walimpigia makofi na miluzi. Alipoketi, aliona shabiki mmoja anashusha simu. Alikuwa amemrekodi. Kabla chai haijapoa, sauti ya mwenyekiti ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la chuo, na wachezaji wote walikuwamo.

Simu ya Drateru ikaita. Yakani. Akatoka nje mbio.

"Haloo, mpenzi..."

"Nimesikia sauti yako, Drateru."

"Yakani, ngoja nikueleze."

"Ni wewe ulisema au ni mtu aliigiza?"

"Ni mimi. Lakini walikuwa wananibana, walikuwa wanasema..."

"Tangu jana wananitukana. Wameniita msaliti, wameniita mbwa wa Koboko. Nikasema sawa, hao ni mashabiki. Nikawa nangoja simu yako moja tu. Badala ya simu, nimepata hiyo."

"Nisamehe. Uko wapi nikufuate?"

"Naenda nyumbani. Usinifuate."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Mchana ule Drateru hakula. Jioni Kevina, rafiki yake wa chumba kimoja, alimvuta hadi ukumbini ambako mashabiki walikuwa wanaangalia video ya mechi kwenye kompyuta ya mmoja wao. Mjadala ulikuwa umeanza upya.

"Rudisha bao la kwanza!" Afedra akaamuru. "Angalia. Shuti linatoka mbali, winga wao iko pale kushoto. Kipa hajatikisika!"

"Beki alimziba," Kevina akasema.

"Amemziba wapi? Weka la pili. Kona. Kona ya upande gani? Kushoto tena! Anaruka wakati mpira umeshapita. Weka la tatu..."

Drateru aliacha kusikiliza maneno. Alikuwa anaangalia kichwa cha Yakani. Kila mpira uliotoka kushoto, Yakani aligeuza shingo yote kuutafuta, kama mtu anayeitwa na sauti asiyojua inatoka wapi. Mipira ya kulia aliidaka yote, mingine kwa mkono mmoja.

"Rudisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Mwenyekiti anataka kuumia tena!"

"Nimesema rudisha!"

Waliirudisha. Drateru akajiziba mdomo kwa kiganja.

Alikumbuka nusu fainali. Goti la mshambuliaji lilimpiga Yakani jichoni, jicho likavimba, uvimbe ukapungua, akasema amepona. Tangu siku hiyo alikuwa anamwaga chai akiweka kikombe mezani. Aliwahi kugongwa na baiskeli iliyopita kando yake kabisa, na Drateru akamcheka, akamwambia mapenzi yamemlewesha. Tena siku hizi wakitembea alikuwa anambembeleza akae upande wake wa kulia. Drateru alidhani ni mahaba.

"Kevina," akanong'ona, "kesho naenda Koboko."

"Na mtihani wako wa majaribio?"

"Utaniombea ruhusa."

Kesho yake, jua likiwa bado halijawa kali, boda ilimshusha Drateru Kuluba, mbele ya nyumba za nyasi zenye ua uliofagiliwa vizuri. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye mkeka anabambua karanga. Drateru alipiga magoti kumsalimu.

"Amka, mtoto yangu, amka," mama akasema. "Mimi ni Viktoria, mama ya Yakani. Wewe ni nani?"

"Naitwa Drateru, mama. Nimetoka Arua."

Mikono ya mama Viktoria ikasimama juu ya karanga.

"Ni wewe. Yeye nasema jina yako hata kwa usingizi. Lakini tangu jana hapana kula, hapana kusema na mutu. Nauliza, nini? Yeye nasema hapana kitu. Iko nyuma kule, kwa shamba ya muhogo. Kwenda."

Yakani alikuwa ameketi juu ya gogo, mgongo umekunjwa. Drateru alimkaribia upande wa kushoto, akasimama hatua chache tu kutoka kwake. Hakugeuka. Akasogea hadi angeweza kumgusa bega. Yakani aliendelea kuchora ardhi kwa kijiti.

Machozi yakamtoka Drateru pale pale.

"Yakani."

Alishtuka nusura aanguke. "Umefika lini?"

"Nimesimama hapa muda. Hukuniona."

"Nilikuwa na mawazo."

"Usinidanganye, tafadhali. Jicho lako la kushoto halioni."

Kijiti kikavunjika mkononi mwa Yakani.

"Nani amekwambia?"

"Mabao yenyewe. Yote matatu."

Alitupa vipande vya kijiti. Kisha akasema polepole, "Mwanzo ilikuwa kama moshi. Nikasema utaisha. Sasa ni giza na maumivu, kichwa chote kinauma upande huu. Hata mama hajui."

"Kwa nini ulicheza? Moris, kipa wa akiba, alikuwa benchi, mzima!"

"Kwa sababu ya baba yako."

"Baba yangu?"

"Si uliniambia mzee Ondoga atakuja fainali? Ulisema alisema, nitamtazama uwanjani nijue ni mwanaume wa namna gani. Mzee mwanajeshi yule, ningemwambia nini? Kwamba nimekaa benchi, jicho linauma? Nilitaka anione nimesimama golini, siku moja tu. Halafu nije kwenu kukuposa."

Drateru akakaa chini kwenye majani, mbele yake, mahali ambapo angemwona.

"Mimi nimekuuza, Yakani. Sikukuuza kwa Koboko, nilikuuza kwa makofi ya Afedra. Niliogopa kuchekwa. Sina maneno mengine."

"Iliniuma kuliko hili jicho."

"Najua."

"Hapana, hujui. Nililia kama mtoto njia nzima."

Drateru hakujitetea. Alimwacha aseme yote yaliyokuwa moyoni, na Yakani alisema. Alipomaliza, Drateru akamshika mkono.

"Sasa nitukane pia ukitaka, lakini tukiwa njiani. Twende hospitali Arua."

"Siendi. Nikisema leo nina jicho bovu, watasema ni kisingizio. Wacha niitwe msaliti, wataisahau."

"Wao watasahau, jicho je?"

"Basi ndio limekwenda."

"Unataka kulipoteza jicho kwa sababu ya maneno ya kibandani?"

Nyuma yao sauti ikasema, "Jicho gani?"

Mama Viktoria alikuwa amesimama kwenye njia ya shamba na sahani ya karanga. Yakani akainamisha kichwa. Mama akaweka sahani chini, akamshika mwanawe kidevu kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akatazama.

"Baba yako alikufa vitani, mimi hapana kuona hata kaburi," akasema. "Wewe iko hapa kwa nyumba yangu, na unanificha? Amka. Vaa shati."

Yakani akavaa shati.

Daktari wa macho Arua alimulika, akapima, akaketi akiwatazama wote watatu.

"Lile pigo limeleta ukungu kwenye lenzi, na presha ndani ya jicho imepanda. Angengoja zaidi, nisingekuwa na la kufanya. Tutampasua. Mwanga naamini utarudi. Ila sitakudanganya, kijana: kudaka kumekwisha. Pigo jingine hapo, utalipoteza kabisa."

Yakani aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nje ya mlango aliegemea ukuta, akamwambia Drateru bila kumtazama, "Ulipenda kipa. Sasa sina goli. Una ruhusa ya kuondoka, sitakulaumu."

"Nilikupenda siku uliyonisaidia kubeba ngoma ya mashabiki kwenye mvua. Wakati ule sikujua hata kama unacheza mpira."

Yakani alicheka kidogo, kisha akalia, na mama Viktoria akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipopata ruhusa, jicho likiwa bado limefungwa bandeji, Yakani aliomba jambo moja: mashabiki wakutane uwanjani. Drateru aliwaita. Walikuja wengi, wengine kwa udadisi tu. Mzee Ondoga naye alikuja, fimbo mkononi, akasimama pembeni peke yake.

Drateru ndiye aliyeanza. "Siku ile nilisema maneno mbele yenu ili mnione mwenyekiti wa haki. Haikuwa haki. Sikumuuliza mwenyewe hata swali moja. Nayafuta mbele yenu. Mkitaka kiti chenu, chukueni."

Yakani akasogea mbele.

"Mimi sikuuza mechi. Lakini sikuja kujisafisha. Nilijua jicho halioni, nikaficha. Kocha hakujua. Moris alikuwa na macho mawili mazima, nikamkalisha benchi kwa tamaa yangu. Hilo ndilo kosa langu, na kwa hilo nawaomba msamaha."

Afedra alikuwa anakuna kichwa.

"Yakani," akasema mwishowe, "mimi ndiye nilianza lile neno la kuuza."

"Nilisikia."

"Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na uchungu tu." Akanyoosha mkono. "Lakini kama kweli ulikuwa na jicho moja na bado ulidaka ile mipira ya kulia... kaka, wewe ni shetani."

Watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikumchoma mtu. Moris alipita katikati yao, akamkumbatia Yakani bila neno.

Ndipo mzee Ondoga akaita, "Wewe kijana! Kuja hapa."

Yakani akaenda.

"Mimi nilikuwa jeshini miaka mingi," mzee akasema. "Askari anaficha jeraha, anaua wenzake. Umesikia? Umefanya vibaya."

"Ndiyo, mzee."

"Tena umefanya kwa sababu yangu. Binti yangu ameniambia. Hapo mimi pia nimekosa. Mutu hapimwi kwa mpira." Akamtazama ile bandeji kwa muda. "Lakini leo umesimama mbele ya watu waliokutukana, ukasema kosa yako bila kumtupia mwingine. Wanaume wa kufanya hivyo, jeshini niliwahesabu kwa vidole. Jicho ikipona, waambie watu wako waje nyumbani. Waje mchana, waje na maneno mazuri."

Walikuja mwezi wa mavuno ya karanga, magari mawili kutoka Koboko, wazee kwa akina mama, mama Viktoria mbele kabisa na kitambaa kipya kichwani. Yakani aliketi katikati ya wanaume wa ukoo wake, wote na mashati meupe, wote macho chini kama desturi inavyotaka. Mwanga ulikuwa umerudi jichoni; maandishi madogo tu ndiyo yaliyomsumbua. Chuoni alikuwa sasa anamfundisha Moris kudaka.

Drateru akaletwa na shangazi zake. Msemaji wa ukoo akasimama.

"Binti yetu, nyumba imejaa wageni. Wanasema wametoka mbali na wanakujua. Sisi hatuwajui. Je, kuna yeyote hapa ambaye ni wako?"

Kwa desturi, kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Drateru alivuka ule mkeka hadi alipokuwa Yakani, akasimama upande wake wa kushoto. Yakani akainua uso, akamwona.

"Huyu," Drateru akasema, kwa ile sauti yake ya uwanjani, hata majirani wakasikia. "Huyu ni wangu. Akishinda ni wangu, akifungwa ni wangu."

Mama Viktoria akapiga kigelegele kabla msemaji hajaruhusu, na hakuna aliyemkanya.