Radi Jikoni kwa Mama Kasiani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Tabita aliwapeleka mbuzi wa baba yake bondeni na kuwafunga kwa kamba kwenye vigingi. Siku moja ya masika ya kwanza, wenzake walimwita awahi wakacheze rede. Akapigilia vigingi harakaharaka, akakimbia.

Walipotoka darasani wakati wa mapumziko, wanafunzi walikuta kitalu cha kahawa cha shule kimeharibiwa. Miche waliyoinywesha kiangazi kizima, kwa maji ya kubeba kichwani kutoka mtoni, ilikuwa imetafunwa na kukanyagwa. Wengine walilia.

"Nani ameona mbuzi hapa?" aliuliza Mwalimu Nathanaeli.

Tabita aliziona nyayo zikitokea bondeni, akajua ni za mbuzi wa nani. "Nimewaona wa Mama Kasiani," akasema.

Mama Kasiani alikuwa mjane aliyeishi peke yake karibu na shule. Mwanawe alikuwa Rodeshia, kwenye machimbo ya shaba. Alipoulizwa, alikana. Lakini nani angemwamini, na mtoto amesema ameona kwa macho yake?

Kesho yake jioni mvua ilishuka kwa ngurumo. Radi ikapiga jiko la Mama Kasiani, na paa la nyasi likawaka moto. Mama huyo alitoka salama, mkononi ana chungu kimoja tu. Kulipokucha, watu walisimama mbali wakitazama majivu.

"Alidhani kukana kunatosha," alisema Mzee Mbonile, mzee wa kanisa. "Sasa Mungu mwenyewe amejibu."

Hakuna aliyemletea hata tita moja la nyasi. Tabita alipomwuliza mama yake kama wangempelekea unga, mama alitikisa kichwa. "Mungu akipiga, mwanangu, usiingize mkono wako."

Tangu hapo Tabita hakula akashiba. Kila wingu lilipotanda juu ya vilima vya Mbozi, alijificha uvunguni mwa kitanda. Aliamini radi ile ilikosea nyumba, na sasa inamtafuta yeye.

Ikafika siku ya somo la dini. Mwalimu Nathanaeli alisimulia jinsi Waebrania walivyomwona Mungu katika nguvu za asili: Musa alimsikia kwenye kijiti kilichowaka bila kuteketea, na mlimani Sinai kulikuwa na moshi na ngurumo, watu wote wakatetemeka.

Tabita naye alitetemeka. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, ile radi ya kwa Mama Kasiani... Mungu alikuwamo?"

Mwalimu aliweka chaki mezani.

"Mimi sijui, Tabita, wala sitajifanya najua. Lakini mkumbukeni Ayubu. Moto ulishuka kutoka mbinguni ukateketeza kondoo zake. Rafiki zake wakamwambia ana dhambi anayoificha. Baadaye Mungu mwenyewe akasema kutoka katika upepo wa kisulisuli. Je, aliwasifu wale rafiki?"

"Hapana, Mwalimu," alijibu Enesi. "Aliwakasirikia."

"Naam. Na mbele ya nabii Eliya ulipita upepo, kisha tetemeko na moto, na Mungu hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Hiyo ndiyo aliyoisikiliza."

Tabita alisimama. "Ni mbuzi wetu, Mwalimu. Sikupigilia vigingi vizuri. Mama Kasiani nilimsingizia."

Alingoja fimbo. Mwalimu alisema tu, "Twende."

Walimkuta Mama Kasiani akipika uwanjani, kwenye mafiga matatu. Tabita alipiga magoti. "Shikamoo, mama." Akaeleza yote huku machozi yakimtiririka.

Mama Kasiani alikaa chini. "Marahaba," alisema taratibu, kisha akashusha pumzi ndefu. "Unajua, mwanangu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini! Nilijiuliza, mbuzi wametokaje, nami niliwafunga kwa mikono yangu? Nikasema labda nina kosa nililolisahau." Akacheka huku akijifuta macho. "Kumbe sina!"

Habari zikaenea kijijini, na Jumamosi watu walikuja na nyasi, miti na kamba. Mzee Mbonile alifika wa kwanza. Alisimama mbele ya mjane, kofia mkononi. "Nilimsemea Mungu jambo ambalo hakunituma. Nisamehe, mama." Kisha akapanda juu kuezeka. Baba yake Tabita alileta mbegu za kahawa, na Tabita akapewa kazi ya kutunza kitalu kipya mpaka miche ikue.

Mchana, Mwalimu Nathanaeli aliwaita wanafunzi chini ya paa jipya. "Jifunzeni," alisema. "Ukisema uongo, hujui utamfikisha wapi mwenzako. Na jirani akipatwa na msiba, msimhukumu. Msaidieni kwanza."

Mama Kasiani alimpa Tabita kiazi cha moto. Tabita alikila chote, akaomba kingine.