Aliyeitwa Kuonja Chumvi

Haya yalimfika rafiki yangu, fundi wa kushona, ambaye tangu mamaye afariki hula peke yake.

Jioni moja alichuma boga katika bustani aliyoiacha marehemu, akalibandika jikoni. Akaitoa kabatini picha ya zamani ya mama akipika, iliyofungwa kwenye fremu ya kioo, akaiegemeza ukutani, mbali na jiko. Kisha akampigia simu mama yake mdogo.

“Kila nikipika boga, halifanani na lake. Nakosea wapi?”

“Mwanangu, dada hakuonja chumvi mwenyewe hata siku moja! Alisema mpishi akijionjea hujidanganya. Alimwita aliye karibu. Wewe una nani?”

“Nina cherehani.”

Wakacheka, wakaagana. Rafiki yangu akachota boga kidogo kwa upawa, akaiendea picha, akasema kwa mzaha:

“Haya mama, leo nionjee wewe.”

Umeme ukakatika. Gizani akasikia pumzi ndefu, ya taratibu, kama ya mtu apozaye cha moto.

Taa ziliporudi, kioo cha picha kilikuwa kimetanda mvuke. Akaupangusa kwa pindo la gauni, akaupangusa tena, usitoke. Ulikuwa upande wa ndani.