Nyumba ya Mtu Aliyeoa

"Dirisha la jikoni liangalie wapi?" Théoneste aliuliza, kisu mkononi.

"Liangalie Nyiragongo," Thérèse akajibu palepale. "Nikiwa napika, nione kama mulima iko inatoa moshi."

"Nikiwa napika! Nasoro, umesikia? Mwenyewe amekwisha kuhamia!"

Nasoro, mwana wa Useni mfanyabiashara wa vitenge, hakuinua kichwa. Alikuwa anakoroga uji mzito wa muhogo, maana hiyo ndiyo ilikuwa gundi yao.

"Mimi sikusikia kitu. Mimi ni mupishi wa gundi. Mukimaliza kupendana muniambie, hii ikipoa haishike tena."

Wote watatu wakacheka. Thérèse ndiye aliyecheka zaidi, na nakwambia, msomaji wangu, angejua asingecheka.

Mwaka huo wa 1957, shule ya ufundi ya serikali pale Goma iliwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kufanya wawili wawili: kujenga maketi, yaani nyumba ndogo ya mfano, sentimita mbili kwa kila mita ya nyumba ya kweli. Kazi yenyewe iliitwa "Nyumba ya mtu aliyeoa". Kundi litakaloshinda lingeingia moja kwa moja katika ofisi ya wachora ramani, na nyumba yao ingejengwa kwa mawe na mabati katika mtaa mpya. Mchoraji wa kundi, kwao Théoneste, angepewa aishi humo, siku atakapofunga ndoa kanisani. Lakini kabla ya diplome, yaani cheti cha kumaliza, mwanafunzi kuoa ilikuwa marufuku. Ukikamatwa umeoa, unafungasha.

Thérèse Mukamugema hakuwa mwanafunzi wa pale. Alisoma ushonaji kwa masera, watawa wa kike, ng'ambo ya ua, na alitumwa kushona mapazia ya maketi. Kazi ya siku mbili. Akakaa miezi miwili. Yeye ndiye aliyemenya mabua ya mtama na kupanga mioyo yake myeupe iwe kuta. Yeye ndiye aliyefua makopo ya maziwa yakawa mabati, akachekecha mchanga mweusi wa volkano ukawa uwanja. Baba yake alikuwa mwashi, kwa hiyo aliijua nyumba kuliko hao wenye rula. Alipoona wamechora jiko limebanana na chumba cha kulala, kama walivyoona kwenye kitabu cha Ulaya, aliwaka.

"Nani atalala na moshi wa kuni? Jiko liende nyuma. Na muweke barza ya kufikia pale, mwanamuke asilowe na mvua akibeba chakula."

Direkteri, mzungu mkuu wa shule, alipopita kukagua, alisimama mbele ya barza ile, yaani baraza yenye paa, akaipenda, akauliza ni wazo la nani.

"Ni langu, Bwana Direkteri," akasema Théoneste.

Thérèse alisikia. Hakuumia hata kidogo. Langu, lako, si ni kitu kimoja kwa watu watakaolala chumba kimoja?

Kilichokuwa kizito ni kingine. Masera alikuwa amemtafutia nafasi Bukavu, shule ya wakunga, miaka mitatu. Msichana mmoja tu kutoka Goma nzima. Alipomwambia Théoneste, siku mbili baadaye kijana akatuma karatasi iliyokunjwa ndani ya kipande cha pazia:

"Thérèse wangu, ukienda Bukavu miaka tatu, hii nyumba niko namujengea nani? Nikishinda, mwezi wa nane tunaingia kanisani. Ukatae ile nafasi. Kama unanipenda, ukatae. Ni mimi wako, T."

Akakataa. Masera alimuuliza mara tatu, na mara tatu akasema hapana.

*

Siku ya maonyesho wazazi walialikwa. Muzee Sebahire, baba yake Théoneste, alifika asubuhi na lori kutoka Kalengera, huko Rutshuru, fimbo mkononi, kofia kichwani. Nyuma yake alikuja msichana mwembamba aliyebeba kikapu cha viazi na maziwa ya mgando. Théoneste alipowaona, uso ulimbadilika.

"Papa, nilisema uje peke yako."

"Na mizigo nani abebe?" muzee akauliza.

Théoneste akamgeukia Thérèse haraka haraka. "Huyu ni Nyirakamana. Ni... ni mutu wa kwetu. Mumupatie mahali akae." Halafu akamshika baba yake mkono, akampeleka kwa wakubwa.

Thérèse akamwonea huruma msichana yule, aliyebaki amesimama kama mzigo uliosahauliwa na lori. Akamtua kikapu, akamletea maji, akampeleka kwenye meza ya maketi.

"Angalia, dada. Hii yote tulifanya na mikono."

Nyirakamana akainama, akachungulia dirishani kwa jicho moja.

"Mama yangu! Mpaka kitanda! Na hii nyumba itakuwa ya nani?"

"Ya Théoneste, akishaoa."

Msichana akanyanyuka taratibu. Uso wake ulikuwa na furaha ya ajabu, ya mtu aliyepewa zawadi na bado haamini.

"Hakuniambia," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe ndiyo sababu hakurudi Pasaka. Alikuwa anajenga."

Thérèse hakuelewa, au alielewa kidogo na akakataa kuelewa. Akabadilisha maneno.

"Unajua kusoma?"

"Katekista alinifundisha."

"Basi soma hapa, ujue nani alijenga."

Chini ya maketi palikuwa na kadi. Nyirakamana akaweka kidole chini ya herufi, akasoma polepole kama anavuka mto.

"Nasoro... mutoto wa Useni... wa Goma. Théoneste Habarurema... mutoto wa..."

Akaondoa kidole.

"Endelea. Imebaki jina moja tu."

"Siwezi."

"Umesoma yote, lile linakushinda?"

"Halinishindi, dada." Alikuwa ameangalia chini, mikono nyuma. "Lile, mimi silisemi."

Thérèse akarudisha macho kwenye kadi. Yeye pia ni mtoto wa watu wa Rutshuru. Kwao, mwanamke akishapelekwa kwa mume, jina la baba mkwe halimtoki mdomoni mpaka kaburini. Mama yake mwenyewe, miaka ishirini na miwili ya ndoa, hajawahi kulitaja jina la babu. Halafu Sebahire lilikuwa jina la kawaida tu. Palikuwa na mtu mmoja tu wa umri ule asiyeweza kulisema: mke wa mtoto wake.

"Ulipelekwa kwao lini?" akauliza.

"Noeli. Ng'ombe za mahari zilitoka, tukacheza siku mbili. Lakini alisema masomo, ninyamaze mpaka diplome." Nyirakamana akashtuka, akaziba mdomo. "Dada, usiseme kwa muzungu! Watamufukuza!"

"Sitasema," akasema Thérèse.

*

Alimkuta Théoneste nyuma ya karakana, anajifunga tai.

"Uko na bibi."

"Nani alikuambia?"

Hakusema si kweli. Aliuliza nani. Thérèse akajua kwamba hata ile asilimia ndogo ya tumaini aliyokuja nayo imekwisha.

"Hakuna aliyeniambia. Nilimuomba asome jina la baba yako."

Théoneste akafumba macho. "Thérèse, sikiliza. Ule ni wa bazee. Papa alisema oa, nikaoa. Wewe ni wa roho yangu."

"Na nyumba ilikuwa ya nani? Ya bazee ao ya roho?"

"Yako! Yeye atabaki Kalengera kulima. Kanisani sikuingia naye. Mbele ya padri mimi ni kijana."

"Na mbele yake?"

Théoneste akarudi kwenye tai yake.

"Nilikataa Bukavu, Théoneste. Uliniandikia nikatae. Ulishika kalamu, ukaandika, ukiwa na bibi anakungojea."

"Niliogopa utanipotea."

"Nimekupotea. Na Bukavu imenipotea."

Nasoro alitokea na ndoo ya gundi iliyobaki, akasimama. Alitazama mmoja, akatazama mwingine, na Thérèse akaona usoni pake aibu ambayo hakuitarajia.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu Pasaka," Nasoro akasema, akiangalia ndani ya ndoo. "Samahani, Thérèse. Ningekuambia, ungeondoka. Na sisi tulikuwa na lazima ya mikono yako."

Bora yule aliyesema mapenzi! Huyu alisema ukweli, na ukweli wake ulikuwa mchafu zaidi. Thérèse aliwaacha hapo. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia direkteri, na kazi yao yote ya miezi miwili ingegeuka kuni. Lakini alikuwa amemwahidi Nyirakamana, na ahadi aliyompa msichana yule ilikuwa kitu pekee cha siku hiyo kisicho cha uongo.

*

Walishinda. Ilikuwa lazima washinde, maketi nyingine zilionekana kama masanduku ya sabuni mbele ya ile. Direkteri, mzungu mnene mcheshi, akapanda jukwaani na kuwaita Théoneste na Nasoro. Wazazi wakapiga makofi. Muzee Sebahire alikaa mstari wa mbele, na Nyirakamana amesimama nyuma ya kiti chake. Thérèse alikuwa kando, pamoja na masera.

"Nyumba ya mutu aliyeoa!" direkteri akapaza sauti kwa Kiswahili chake. "Nzuri sana! Lakini wewe Théoneste, nyumba iko, bibi iko wapi?"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani. Angeweza kucheka tu na wengine, yakapita.

"Sina bibi, Bwana Direkteri."

"Na ule mama kijana, nyuma ya baba yako?"

Théoneste alitazama. Ukumbi wote ukatazama. Nyirakamana alikuwa anatabasamu kidogo, kwa aibu, kwa sababu ametajwa.

"Ule?" akasema Théoneste. "Ule ni mutumishi wa mama."

Tabasamu likabaki usoni pa Nyirakamana kitambo, kama halijapata habari. Kisha likaondoka. Thérèse alimwona anamtazama muzee, akisubiri aseme kitu. Muzee alikaza macho kwenye kichwa cha fimbo yake. Nyumba ya mawe, ofisi, mtoto wa kiume mwenye tai: hakutaka kuviharibu kwa neno moja.

Nyirakamana akazunguka kiti, akaja mbele yake. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Sebahire," akasema.

Ukumbi uliganda. Wazungu waliendelea kutabasamu, hawakujua kimetokea nini. Lakini watu wa Rutshuru wote walisikia, na mama mmoja nyuma akasema "Yesu!" na kuziba masikio.

"Sebahire," akarudia, wazi kabisa. "Mutoto wako amesema niko mutumishi. Mutumishi anasema jina la bwana wake, hakuna sheria inamukataza. Sebahire, mimi narudi kwa baba yangu. Utume mutu achukue ng'ombe zako."

Nyirakamana akatoka kwa mlango mkubwa, bila kikapu.

"Amesema nini?" direkteri akauliza.

"Anaaga, Bwana," akajibu Théoneste, jasho likimtoka. "Yuko anaaga tu."

Na direkteri akampa mkono, akampa diplome, na karatasi ya nyumba.

*

Thérèse hakungoja maziwa na biskuti za wageni. Alimshika masera hapohapo mlangoni.

"Masera, ile nafasi ya Bukavu..."

"Mutoto yangu, nilikuuliza mara tatu."

"Najua. Naomba."

"Nilimupatia mwenzako Wivine. Amepanda mashua Jumatatu." Masera akamshika bega. "Labda mwaka kesho. Labda."

Alitoka nje amebeba hiyo labda. Barabarani, kwenye mawe meusi, Théoneste alimkimbilia, karatasi bado mkononi, anahema, na utaamini? Alikuwa anang'aa.

"Thérèse! Umeona? Mwenyewe ameondoka! Mimi sikumufukuza. Amevunja yeye, mbele ya batu yote. Sasa hakuna kitu kati yetu. Mwezi wa nane, sawa tulivyosema!"

Thérèse alimtazama vizuri. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Mapenzi hayazimwi saa moja kama taa ya karabai. Angetamani kuwa mjinga kwa dakika tano tu, aseme ndiyo.

"Ule, batu walimuchezea ngoma siku mbili, ng'ombe zikatoka," akasema. "Muzungu alikuuliza kwa kucheka, ukamukana. Siku muzungu atakuuliza kwa kukasirika, mimi utaniita nani?"

"Wewe si kama yeye."

"Ni kweli. Mimi hata mutumishi hukuniita. Ulisema barza ni wazo lako, nikakuachia."

"Thérèse, nyumba iko tayari!"

"Ingia, basi. Ulale."

Akaondoka. Théoneste aliita mara mbili, ya tatu hakuita, maana wenzake walikuwa wanatoka na angeonekana.

Nyumbani, mtaa wa Mabanga, mama yake alikuwa anachambua maharage barazani. Akainua uso.

"Basi? Mumeshinda?"

"Wameshinda, mama."

"Mungu apewe sifa! Na nyumba? Baba yako anauliza kila siku. Ni nzuri?"

Thérèse akakaa chini kando yake, akachukua maharage kiganjani, akaanza kuchambua naye.

"Nzuri sana, mama. Lakini ni ya batu wadogo. Mutu wa kweli haingii."

Mama akacheka, akidhani ni utani wa wenye shule. Kisha akamwona machozi, akasukuma ungo pembeni.