Rejista ya Watoto wa Krismasi

Wazazi wenzangu, ketini mnisikilize. Na yeyote atakayedhani hadithi hii inamhusu jirani yake, ajitazame yeye kwanza.

Ilikuwa siku ya pili baada ya Krismasi huko Kilorini, kijiji cha migomba na kahawa juu ya mji wa Moshi. Mzee Wenseslaus alikuwa amekaa uani na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, moyo wake mweupe. Mwanawe Fredy alikuwa amekuja na familia kutoka Dar, na mwanawe mwingine, Valerian, na yake kutoka Mwanza. Mkewe Mektrida alikuwa akipakua mtori, supu ya ndizi na nyama, wajukuu wakifukuzana katikati ya mibuni mpaka mbwa akachoka kubweka. Mnajua wenyewe Desemba yetu ilivyo. Hata nyumba iliyofungwa mwaka mzima hutoa moshi.

Ndipo akaingia Mwalimu Epifania, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibu mbege."

"Leo sinywi, mzee. Nimeleta barua."

Wenseslaus alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa hiyo barua ilikuwa yake. Ofisi ya elimu ilisema shule ina wanafunzi hamsini na wanane tu. Isipofikisha themanini kabla ya Januari kwisha, itafungwa, na watoto watahamia shule ya ng'ambo ya korongo.

Mzee alikunja barua. Korongo lile alilijua: njia ya kuteremka imesimama wima, chini kuna mto na daraja la magogo, na mvua ikinyesha udongo unateleza vibaya. Akamkumbuka Evaline, binti wa Monica, yule mjane aliyekuwa akimkatia majani ya ng'ombe. Evaline alizaliwa na mguu uliopinda na alitembea kwa fimbo. Alikuwa darasa la pili, na kutoka kwao mpaka shuleni ni hatua chache tu. Kwa watoto wengine, kufungwa kwa shule kungekuwa kutembea zaidi. Kwa Evaline kungekuwa mwisho wa kusoma.

"Haifungwi," mzee alisema. "Mimi nimesoma pale."

"Ipo njia, mzee," Mwalimu Epifania alisema. "Nimehesabu. Kila asubuhi watoto thelathini na wanne wa kijiji hiki hiki wanapanda mabasi ya shule kwenda kusoma mjini. Wakirudi ishirini na wawili tu, tumepona. Mwenyekiti akianza na wa kwake, wengine watafuata."

Mzee akakohoa, na kikohozi hakikuwa cha mafua. Katika wale thelathini na wanne walikuwemo Denis na Victoria, watoto wa binti yake aliye kazini Dodoma. Hao aliishi nao mwaka mzima. Alizipenda tai zao na soksi zao ndefu. Alipenda watu wa kanisani wamsikie Victoria akimwamkia padri kwa Kiingereza. Kuwarudisha shule ya kijiji? Watu wangesema mzee amefulia.

"Mwalimu," alisema, akionyesha wajukuu waliojaa uani, "hawa wote ni watoto wa wapi? Si wa Kilorini? Kihamba chao, shamba la ukoo, kiko hapa, babu zao wamezikwa hapa hapa kwenye migomba. Waandike."

"Mzee, Januari hawa watakuwa Dar."

"Waandike, mwalimu. Mengine tutajua mbele ya safari."

Kwa siku tatu mzee alipita nyumba kwa nyumba. Watu walicheka, wakammiminia mbege, wakamtajia majina ya wageni wao wadogo. Thelathini waliandikwa. Hakuna mzazi aliyeona haya, na mimi nawaambia wazi, hapo tulipaswa kuona haya sote.

Monica peke yake ndiye aliyeuliza. Alitua mzigo wa majani mlangoni mwa zizi.

"Baba Fredy, nasikia watoto wamepatikana."

"Wamepatikana, mama Evaline. Lala usingizi."

"Nashukuru sana. Lakini Denis na Victoria mbona hawamo? Wao si wapo siku zote?"

"Aa, wale wameshazoea inglishi midiamu."

Monica alifungua kamba yake, akaikunja, akaenda zake. Mzee alijikuta akimwangalia ng'ombe ili asimwangalie yule mama.

Januari, wiki ya nne, afisa elimu alifika bila taarifa. Aliitwa Bwana Hosea, mtu wa sauti ya chini. Aliomba wanafunzi wapangwe mstari, wazazi waitwe, na rejista iletwe. Kisha akaanza kusoma majina.

"Calvin Fredy."

Afisa akainua macho, akatazama mstari.

"Calvin Fredy yuko wapi?"

Evaline, aliyekuwa mbele na fimbo yake, alinyoosha mkono. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na aliona mgeni anahitaji msaada. "Huyo alikuja Krismasi, mwalimu. Amesharudi Dar."

"Rodrick Valerian."

"Huyo naye alikuja Krismasi. Yeye ni wa Mwanza."

Na kila jina la uongo liliposomwa, Evaline alijibu kwa moyo wote. Watoto walianza kucheka. Wazazi walikuwa wanatazama viatu vyao.

Bwana Hosea akaifunga rejista. "Nani aliandika haya?"

Wenseslaus alijua kwamba hapo ndipo pa kusimama. Alijua kabisa. Lakini akabaki amekaa kwenye benchi.

"Ni mimi," alisema Mwalimu Epifania.

"Na mwenyekiti, wajukuu unaoishi nao wanasoma hapa?"

"Hapana."

"Wapi?"

"Mjini."

Bwana Hosea alitikisa kichwa. "Nilikuja nikiwa tayari kuwaombea mwaka mmoja, hata kama mngekuwa sitini tu wa kweli. Kwa rejista hii siwezi kumwombea mtu."

Shule ikafungwa. Mwalimu Epifania akavuliwa ukuu na kupelekwa mbali. Aibu ikamtafuna mzee hata mtori haukumshuka. Siku ya tano alipanda gari mpaka ofisini kwa Bwana Hosea na kueleza kwamba yeye ndiye aliyemlazimisha mwalimu. Afisa aliandika yote.

"Ungeyasema siku ile, mzee," alisema.

Mzee akarudi, akaenda moja kwa moja kwa Monica.

"Mama Evaline, nimekuja kuomba msamaha. Nitatafuta mtu wa kumvusha mtoto korongoni. Akikosekana nitambeba mwenyewe."

"Habebwi, Baba Fredy. Hataki kusikia habari ya shule." Sauti ya Monica haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Watoto wenzake wamemwambia shule imefungwa kwa sababu ya mdomo wake. Na yeye ameamini."

Mzee alimkuta Evaline nyuma ya nyumba akimenya ndizi. Akakaa chini kwenye majani makavu, akiwa bado na suti aliyoendea ofisini.

"Shikamoo babu. Samahani kwa yale niliyosema kwa afisa."

Wenseslaus, mzee wa miaka sabini na miwili, alilia mbele ya mtoto. "Usiniombe samahani, mjukuu wangu. Wewe ulisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Evaline aliiweka ndizi chini. "Kwa hiyo babu, ukiwaambia hivyo, shule itafunguliwa?"

Mzee aliokota ndizi moja, akaanza kumsaidia kumenya.

FUNDISHO

Ndugu zangu, mchuma janga hula na wa kwao. Usiipiganie kwa mdomo shule ambayo unaona haya kumpeleka mjukuu wako. Watoto wa kuiokoa shule ya Kilorini walikuwepo. Walikuwa wanapita mbele yake kila asubuhi wamevaa tai, na sisi tulisimama barabarani kuwapungia mkono. Na ukikosea, simama siku ile ile ungali unaulizwa. Wenseslaus alichelewa siku tano tu. Evaline bado yuko nyumbani.